Maleba ya Muleba

Ukutani kwa chumba cha mdogo wangu, huko kwetu Kimwani, zimetundikwa bunduki saba. Hakuna hata moja inayoweza kuua kuku. Ya kwanza aliichonga kwa ubao wa kreti ya soda. Ya pili ni bomba la maji lililoungwa kwenye mpini wa pampu ya baiskeli. Ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko zote, ina midomo sita inayozunguka: vipande sita vya bomba la pazia, ekzosi ya pikipiki iliyotoboka, spoketi ya baiskeli na kipini cha jembe. Ukiizungusha inalia kama mashine ya kukoboa kahawa inayokaribia kufa. Chini ya kila moja ameandika kwa maka peni jina la filamu na dakika ambayo silaha hiyo inaonekana.

Ni fundi wa kuchomelea pale senta. Mchana anatengeneza mageti na vitanda vya chuma, usiku anatengeneza bunduki. Hana kipimo chochote cha kitaalamu. Anasimamisha picha kwenye simu, anaangalia kiganja cha mwigizaji kimeshika wapi, kisha anahesabu kwa kiganja chake mwenyewe: kutoka kitako hadi kwenye kifyatulio viganja viwili, kutoka hapo hadi mdomoni vitatu na nusu. Kama mwigizaji ana mikono mikubwa, bunduki yetu inatoka ndogo, na haimsumbui.

Niliporudi likizo nikitokea Dar es Salaam, nikiwa na mada ya tasnifu ambayo msimamizi wangu alikuwa amekwisha kuikataa mara mbili, nilikaa kwenye kitanda chake nikazitazama. Nikaona kwamba mada niliyoitafuta maktaba mwaka mzima ilikuwa imepigiliwa misumari nyumbani. Hapa nataka kuzitetea bunduki hizi, halafu nataka kuilaumu moja.

Kwanza jina. Katika vitabu vya fasihi vya sekondari tulifundishwa neno maleba, yaani mavazi na vifaa anavyovaa au anavyoshika mwigizaji. Siku mwalimu alipoliandika ubaoni darasa zima lilinigeukia, kwa sababu mimi ndiye pekee niliyetoka Muleba. Nilichukia neno lile kwa miaka minne. Sasa nalihitaji, maana Kiswahili hakijaamua kitu anachokifanya mdogo wangu kiitweje. Mama anaita michezo, majirani wanaita uchizi. Angekuwa Los Angeles angeitwa mkusanyaji, na bunduki zake zingekaa ndani ya kabati la kioo lenye taa.

Tena huko kuna pesa. Mwaka 2013, mnada wa Bonhams uliuza sanamu ya kipanga iliyotumika katika filamu ya The Maltese Falcon ya mwaka 1941 kwa zaidi ya dola milioni 4. Kinachonichekesha ni kwamba ndani ya hadithi yenyewe sanamu ile inagundulika kuwa ya bandia. Mtu amelipa mamilioni kupata bandia halisi. Desemba 2024 viatu vyekundu vya The Wizard of Oz, ambavyo viliwahi kuibwa katika jumba la makumbusho mwaka 2005, viliuzwa kwa dola milioni 28, na ukijumlisha gharama za mnada ikawa milioni 32.5.

Asiye na milioni anatengeneza mfano wake. Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu kati ya watu asiowajua. Mpini wa upanga wa mwanga katika Star Wars ya mwaka 1977 haukusanifiwa na mtu yeyote. Roger Christian, mpambaji wa seti, aliukuta kwenye duka la vifaa vya picha jijini London: ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya zamani aina ya Graflex, naye akauongezea vipande vichache. Leo mashabiki wanaotaka upanga sahihi wanaisaka mipini ileile ya kamera, wanabishana kuhusu skrubu, wanasimamisha picha na kupima. Yaani huko juu kabisa, kwenye filamu iliyobadilisha biashara ya sinema duniani, mwanzo wa mambo ulikuwa skrepa na jicho la mtu aliyeokota. (Sitaingiza hapa habari za tanuri za chuma za Katuruka. Kila mtu wa Kagera akiandika neno chuma hujiona ana deni la kutaja wahunzi wa miaka elfu mbili iliyopita. Mdogo wangu hakurithi kitu kutoka kwao. Alijifunza kuchomelea kwa fundi mmoja wa Muleba mjini, kwa matusi mengi.)

Lakini bunduki ya midomo sita haikutoka Hollywood. Imetoka Wakaliga. Kutoka Bukoba, Kampala ni jirani kuliko Dar es Salaam. Unavuka Mutukula, unapita Masaka, na siku haijaisha umefika. Katika mtaa ule wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili aishi, alitengeneza mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha zake zilitengenezwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Moto wa midomoni uliongezwa kwa kompyuta, na damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha. Filamu inazungumzwa Kiganda, na juu yake inasikika sauti ya VJ Emmie akitania, akishangilia, akiwatangaza waigizaji kama mtangazaji wa mpira. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tukisikiliza kanda za Lufufu hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Sauti ya mfasiri ni sehemu ya filamu, na mara nyingine ndiyo filamu yenyewe.

Wahakiki wengi wa mbali walioiandika filamu hii wamegawanyika makundi mawili, na yote yananiudhi. Kundi moja linacheka: tazama watu maskini wanavyoigiza Rambo. Kundi la pili linasifu: tazama watu maskini wanavyojitahidi. Wote wanautazama umaskini; hakuna anayeitazama bunduki. Mimi niliitazama bunduki. Niliirudia filamu nikiwa na daftari, nikihesabu inavyoshikwa. Waigizaji wanaibeba kama kitu kizito, kwa sababu chuma ni kizito kweli. Mabega yao yanashuka. Wakikimbia, silaha inawavuta upande mmoja. Bunduki za plastiki za filamu zenye fedha nyingi hazifanyi hivyo. Nyota anairusha hewani kama chupa tupu ya maji. Kwa hiyo bomba la Wakaliga halifanani na bunduki kwa sura, lakini linafanana nayo kwa uzito, na mwili wa mwigizaji hauhitaji kudanganya.

La pili ni kwamba bomba lile halifichi kuwa ni bomba. Mtazamaji anaona, mwigizaji anajua kwamba anaonekana, na VJ anajua kwamba wote wanajua. Furaha ya filamu ile inakaa katika makubaliano hayo matatu. Ni makubaliano ya watoto wa vibanjani wanaokata kuti la mgomba, wanachanja vijilimi juu ya uti wake, wanapitisha mkono na vijilimi vinalia ta-ta-ta-ta, na mwenzao anaanguka chini amekufa. Nimekufa mara nyingi sana nyuma ya jiko la nyanya kwa bunduki ya mgomba. Hakuna aliyewahi kuuliza kama imefanana.

Mwaka 2022 Wakaliga walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta fifteen, wakapeleka filamu yao Football Kommando. Nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Bomba likiingia kwenye ukumbi wa sanaa watu wanaanza kulitazama kimyakimya wakiwa wamefunga mikono nyuma. Hakuna wa kuanguka chini. Kwa hili namwona mdogo wangu kuwa mtunzaji bora kuliko makumbusho mengi: mgeni akiingia chumbani kwake, anateremsha bunduki anampa aishike, halafu anamwambia akimbie nayo hadi kwenye mti wa mwembe arudi. Ukirudi unahema, ndipo anakuonyesha dakika kwenye simu.

Sasa ya saba.

Ya saba ni AK. Ameitengeneza kwa chuma na mbao, akaipaka rangi nyeusi isiyong'aa, akaisugua msasa kwenye kona ili ionekane imetumika. Ni kazi ya miezi minne. Mtu yeyote anayepitia mkusanyiko wake ataisifu hiyo kwanza, na yeye mwenyewe ameitundika katikati. Mwaka jana aliifunga kwenye gunia akaenda nayo Bukoba, vijana fulani walikuwa wanarekodi video ya muziki na waliahidi kumlipa. Njiani gunia likafunguliwa. Alishushwa garini, akalala mahali ambapo sitapataja, na akatoka kesho yake jioni baada ya fundi mwenziye kufika na kuikata bunduki nyingine mbele yao kwa msumeno, waone ndani hakuna kitu. Mkono wake wa kushoto haukufunga ngumi vizuri kwa wiki tatu. Hatukuambiwa pole na mtu. Video ilirekodiwa bila yeye.

Nilipopata simu ile usiku, Dar, nilijua kwamba sitaweza tena kuandika kuhusu maleba kama mtu anayeandika kuhusu vichekesho. Tarehe 21 Oktoba 2021 huko New Mexico, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa kwenye seti ya Rust kwa risasi iliyotoka kwenye bunduki ya kweli iliyokuwa imeletwa kuigizia. Watu wenye bajeti walitaka kitu kionekane cha kweli, wakaweka cha kweli. Kwetu kilikuwa cha uongo kikaonekana cha kweli, na kwa kijana wa kiume mweusi mwenye gunia, barabarani, kuonekana kunatosha.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu wazi, kama mhakiki na kama dada: ya saba ni kazi yako mbaya kuliko zote. Umesahau makubaliano. Ya tatu inamwambia kila anayeiona, "Mimi ni ekzosi, njoo tucheze." Ya saba haimwambii mtu chochote, inamnyamazisha. Alinisikiliza huku akikwangua kutu kwenye kitu fulani. Akasema, "Dada, wewe unapenda za kitoto kwa sababu hujui kuchomelea. Ya tatu niliifanya nikiwa sijui kazi." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kutosha. Ni rahisi kwangu kusifu ubandia unaoonekana wakati mwenye mikono anatamani kufika mwisho wa ufundi wake. Wale wanaobishana kuhusu skrubu za Graflex hakuna anayewaambia wakosee kidogo kwa usalama wao.

Babu alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likavunjwa, yeye alikuwa mgambo. Walifundishwa gwaride na kulenga shabaha kwa bunduki za mbao, na za kweli wakakabidhiwa baadaye. Alifika Masaka, akarudi, na hapendi maswali. Nyumbani kwake haikuruhusiwa hata bunduki ya mgomba. Ndiyo maana tulikuwa tunafia kwa nyanya mwingine, ng'ambo ya barabara. Aliposikia habari ya gunia na usiku ule, alimwita mjukuu wake akamwambia maneno machache tu: "Silaha haipambi nyumba." Tukajua siku yoyote atakuja na panga.

Alikuja siku moja kabla sijarudi chuoni, bila panga. Mdogo wangu alikuwa akinionyesha Captain Alex kwa mara ya ishirini, na nadhani ni Kiganda kilichomvuta babu kutoka barazani. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akacheka mara moja mahali ambapo mimi sikuelewa maneno. Tukasimama wote wawili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kaeni."

Akatazama ukuta. Akapita ile ya kreti ya soda, akaigusa kwa kidole kimoja, akaacha. Akapita ya midomo sita bila kuiuliza chochote. Akafika ya saba, akaiteremsha kwa mikono miwili jinsi mtu anavyopokea mtoto, akaigeuza, akaangalia ubavuni. Niliona koo la mdogo wangu likipanda na kushuka.

"Mkono wa kukoki umeuweka kushoto," babu akasema. "Unakaa kulia."

Akairudisha kwenye misumari yake, akatoka.

Ilituchukua muda kuelewa. Kipande cha filamu alichonakili kilikuwa kimegeuzwa kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, hila wanayoitumia wapakiaji ili mtandao usiwakamate. Miezi minne alikuwa amenakili bunduki iliyomo ndani ya kioo. Mimi, mwenye daftari, nilikuwa nimeichunguza kwa saa nyingi na kuandika kurasa sita juu yake, na sikuona.

Nilimsihi aiache hivyohivyo. Nilimwambia kosa lile ndilo bora kuliko vyote alivyovitengeneza, kwamba sasa ya saba nayo ina kitu cha kumwambia mtu. Aliniitikia, "Sawa, dada." Asubuhi, nikisubiri gari la Bukoba na mzigo wangu wa ndizi na senene, nilisikia kutoka nyuma ya nyumba mashine ya kukatia chuma ikiwaka.