Mlango Nao ni Ubeti: Bendi ya Fugazi Jukwaani

Mapenzi ya msikilizaji na bendi aipendayo huanzia faraghani. Huanza na sahani ya santuri au kanda, chumbani, mlango umefungwa, wimbo ukirudiwa na kurudiwa mpaka hata pahala pa mwimbaji kuvuta pumzi pakajulikana. Kisha hufika siku bendi yenyewe ikapanda jukwaani, na hapo mapenzi hutiwa mtihanini. Aliyekwenda kusikia kile kile alichokwisha kukihifadhi hurudi na nusu ya furaha, kwani angelikipata bila ya kutoka nyumbani. Hapana budi, basi, ukumbi uwe na kitu ambacho sahani haina. Ni kitu gani hicho? Wengi hujibu kuwa ni vishindo, taa, jasho na umati. Bendi moja ya Washington, mji mkuu wa Marekani, ilitoa jibu jengine, na jibu hilo linastahiki kupimwa na kila apendaye sanaa inayosimama mbele za watu.

Bendi hiyo ni Fugazi. Ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 3 Septemba 1987, katika ukumbi wa Wilson Center mjini Washington, na mara ya mwisho tarehe 4 Novemba 2002, katika ukumbi wa Forum, London. Baina ya tarehe mbili hizo ilifanya maonyesho zaidi ya elfu moja. Waliokuwamo ni wanne: Ian MacKaye na Guy Picciotto, waimbaji na wapigaji gitaa, Joe Lally, mpigaji gitaa la besi, na Brendan Canty, mpigaji dramu. Jina lao walilitoa katika misimu ya askari wa Kimarekani waliopigana Vietnam, neno la kueleza hali iliyokwisha kuharibika. Sahani zao zilitolewa na Dischord, kampuni ndogo ambayo MacKaye na wenzake waliiasisi mwaka 1980, wakiwa bado chipukizi, ili kutoa nyimbo za bendi yao ya wakati huo. Hii ndiyo asili ya kuitwa bendi huru katika muziki wa roki: bendi isiyofungwa na mkataba wa makampuni makubwa, wala isiyongoja kuambiwa iimbe nini na iuze kwa kiasi gani.

Neno hilo la kiasi ndipo pa kuanzia. Aghalabu kiingilio cha onyesho la Fugazi kilikuwa dola 5. Sharti la pili lilikuwa la umri: mlango uwe wazi kwa mkubwa na mdogo. Msomaji wa mbali huenda asione uzito wa sharti hili. Nchini Marekani kijana haruhusiwi kununua pombe mpaka atimize miaka 21, na kumbi nyingi za roki huishi kwa mauzo ya bia kuliko kwa tiketi. Kwa hivyo kijana wa miaka 16, ambaye muziki huo ndio maisha yake, husimamishwa nje kwa sababu ya biashara isiyomhusu. MacKaye alikwisha kupambana na jambo hili tangu ujanani. Mwaka 1980 bendi yake ya wakati huo, Teen Idles, ilikwenda California, na huko ukumbi mmoja ukawaruhusu vijana kuingia kwa kuwachora alama ya X ya wino mweusi mikononi, ili muuza kinywaji asiwauzie. Waliporudi Washington walikuja na hila hiyo, na vijana wakapata njia ya kuingia.

Sharti la tatu lilikuwa la kutouza fulana zenye jina la bendi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fugazi waliliishi neno hilo pengine bila ya kulisikia. Wala haikuwa sadaka ya watu wenye akiba. Hawakuwa na meneja wala wakala. Safari zao walizipanga wenyewe, na gharama walizibana. Bei ndogo mlangoni iliwezekana kwa sababu matumizi nyuma ya jukwaa yalikuwa madogo, na kwa sababu ukumbi ulijaa.

Ni wepesi kusema kuwa haya yote ni maadili, au siasa, na kwamba sanaa huanza pale gitaa linapolia. Kauli hiyo haitoshi. Bei huchagua nani ataingia, na walioingia ndio wanaoamua wimbo utasikilizwaje. Ukumbi wa waliolipa fedha nyingi hudai malipo ya fedha yake: nyimbo zote mashuhuri, kama zilivyo katika sahani, bila ya kupungua. Aliyelipa dola 5 hana dai kubwa, na kwa sababu hiyo bendi huwa huru kujaribu, kukosea na kuzua. Kwa Fugazi mlango ulikuwa ubeti wa kwanza wa utenzi, ule unaoweka bahari na vina, na beti zinazofuata zikalazimika kuutii.

Uhuru huo ulionekana jukwaani. Fugazi hawakuwa na orodha ya nyimbo iliyoandikwa kabla. Mmoja alianza, kwa mlio wa gitaa au kishindo cha ngoma, na wenziwe wakapaswa kuitambua ishara na kuidaka papo hapo. Mpenzi wa mashairi ataijua hali hiyo, kwani ndiyo hali ya malumbano: malenga hajui atapewa vina gani, naye hana muda wa kutafuta. Sauti za waimbaji wawili zilizidisha ladha ya kujibizana. Ya MacKaye ilikuwa nzito, ya mtu anayeamrisha na kuhoji. Ya Picciotto ilipinda, ikapanda, ikavunjika kwa khiari yake. Mmoja alisimama kama nguzo, mwengine akayumba kama tanga. Katika filamu ya Jem Cohen iitwayo Instrument, iliyotolewa mwaka 1999, Picciotto anaonekana katika onyesho la mwaka 1988 mjini Philadelphia akijitia katika pete ya goli la mpira wa kikapu na kuning'inia kichwa chini kama popo, huku akiimba. Kichekesho kimo, lakini wimbo haukudondoka.

Mfano ulio bora zaidi haumo katika sarakasi hizo. Umo katika kimya. Wimbo wao unaojulikana kuliko zote ni Waiting Room, yaani chumba cha kungojea, uliotoka katika sahani yao ya kwanza mwaka 1988. Besi ya Lally hutangulia peke yake, dramu na magitaa yakaingia, na mara vyote husita kwa pamoja. Hupita sekunde chache za kimya kitupu kabla ya wimbo kuendelea. Katika sahani kimya hicho ni ustadi wa kupendeza, mfano wa mshororo uliokatwa ili sikio lione njaa. Ukumbini hugeuka kikawa swali. Nani atakijaza? Aghalabu umati hukijaza kwa ukelele mmoja, na wimbo unaporejea hurejea ukiwa umeshikwa na mamia ya watu. Mizani ile imo katika wimbo tangu ulipotungwa, ila haikuandikiwa maneno. Iliachwa wazi kwa ajili ya wengine. Hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini bendi ilijali sana nani anaingia mlangoni. Ilikuwa inachagua waimbaji wenziwe.

Hata hivyo, kushirikiana na umati si asali tupu. Muziki wa Fugazi ulitokana na panki, na katika kumbi za panki za Marekani ilikuwa ni desturi ya vijana wa kiume kupigana vikumbo mbele ya jukwaa na kupanda juu ya vichwa vya watu. MacKaye, ambaye bendi yake ya awali, Minor Threat, ilikuwa miongoni mwa zilizovuma katika kumbi hizo, aliona matokeo yake: wasichana na wenye miili midogo walisukumwa nyuma, na eneo la mbele likawa milki ya wenye mabega. Kwa hivyo Fugazi walisimamisha nyimbo. Waliwataja wakorofi kwa mavazi yao, wakawataka waombe radhi au watoke. Aliyeshindwa kujizuia alirudishiwa dola zake 5, ndani ya bahasha zilizotayarishwa kabla. Katika Instrument yamo maneno ya Picciotto akimkabili kijana mmoja mtukutu: anamkumbusha kuwa kabla ya onyesho alionekana akila aiskrimu kama mtoto mdogo, na kwamba ubabe wake wa sasa hauaminiki. Ukumbi ukacheka, na ubabe ukaondoka na kicheko.

Hapa pana kasoro ambayo mapenzi hayapaswi kuificha. Usiku mwengine karipio lilirefuka, na onyesho likawa darasa. Mwimbaji aliyeshika kipaza sauti ana nguvu ambayo mtu wa chini hana. Anapomkaripia mbele ya mamia, haki yake haimwondolei hatari ya kuwa yeye naye ni mbabe wa namna nyengine. Wako waliokwenda kutafuta ghadhabu ya muziki, wakarudi wakilalamika kwamba ghadhabu imewekewa msimamizi. Lalamiko hilo si la kipuuzi. Panki iliahidi kuvunja amri, na hawa walileta amri mpya. Lakini lipimwe na upande wa pili: amri ipi ilikuwako kabla yao? Ilikuwako amri ya bega pana, isiyotamkwa na mtu, na iliyotiiwa na kila msichana aliyerudi nyuma. Fugazi waliibadilisha amri isiyosemwa kwa amri iliyosemwa, ambayo angalau huweza kujibiwa. Na wengi waliijibu: katika kanda za maonyesho yao husikika watu wakipinga, wakidhihaki, wakijadiliana na jukwaa. Hadhira inayojibu haijanyamazishwa.

Iko siku moja ambayo mlango haukuwako kabisa. Tarehe 12 Januari 1991, siku chache kabla ya mabomu kuanza kuanguka Baghdad, Fugazi walipiga muziki bila ya kiingilio katika bustani ya Lafayette, mkabala wa Ikulu ya Marekani, kupinga vita. Ilikuwa mchana wa baridi na unyevunyevu. Vita havikuzuiwa, na hakuna aliyekuwa na haki ya kudhani kwamba gitaa litavizuia. Kilichobaki ni ushahidi kwamba bendi inayosema mlango uwe wazi iliweza, siku ilipohitajika, kusimama pasipo na mlango wowote, mbele ya nyumba yenye milango migumu kuliko yote nchini mwao.

Vipi ataujua usiku wa Fugazi yule ambaye hakuwahi kuwaona? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni filamu ya Cohen, iliyokusanya picha za zaidi ya miaka kumi. Ubora wake ni kuwa kamera yake mara nyingi hugeuka ikawatazama waliokuja kutazama: nyuso za mashabiki mmoja mmoja, wengine wakiona haya, wengine wakijitia ukakamavu. Mtengenezaji huyo aliufahamu mlango. Ya pili ni hazina ya kanda. Mafundi wa sauti wa bendi walirekodi maonyesho zaidi ya 800, na mwezi wa Disemba 2011 Dischord ilianza kuyaweka katika intaneti. Bei iliyopendekezwa kwa kila onyesho ilikuwa ile ile ya dola 5, na msikilizaji akapewa khiari ya kupunguza au kuzidisha.

Hazina hiyo ina mitego. Anayeisikiliza kwa kutafuta nyimbo atachoka upesi: sauti nyengine ni hafifu, magitaa hupotoka, maneno humezwa. Sahani zao saba, tangu 13 Songs ya mwaka 1989 hadi The Argument ya mwaka 2001, zina nyimbo hizo hizo kwa usafi zaidi. Anayesikiliza yaliyo baina ya nyimbo ndiye apataye faida. Humo mna kurekebisha nyuzi, mizaha, ugomvi, mwito wa kumtafuta mtu aliyepoteza viatu vyake au kumsaidia aliyeanguka, na ile sekunde ya wasiwasi kabla ya mmoja wao kuchagua njia na wenziwe kumfuata. Kanda haiwezi kurudisha joto la ukumbi, lakini inaweza kuthibitisha jambo moja: usiku mmoja haukuwa nakala ya usiku mwengine, na sababu ya tafauti haikutoka jukwaani peke yake.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili kama jipya. Mcheza kwao hutunzwa. Na katika taarabu msikilizaji huinuka, akaenda mbele na noti mkononi, akamtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa, na mara nyengine kwa ubeti anaotaka umguse mtu mwengine aliyeketi pembeni. Tendo hilo huumaliza wimbo, kwani huupa anwani ambayo mtunzi hakuiandika. Fugazi walishika njia iliyo kinyume kwa sura: badala ya fedha kupanda jukwaani wakati wa wimbo, waliishusha mlangoni kabla ya wimbo. Lakini imani ni moja, kwamba utungo hautimii kinywani mwa mwimbaji.

Baada ya usiku ule wa London bendi ilipumzika bila ya kutangaza kuvunjika. Hapakuwa na onyesho la kuagana lililopigiwa mbiu, wala tiketi za bei ya mara ya mwisho. MacKaye na Lally walikuja kushirikiana katika bendi ya Coriky. Lally na Canty katika The Messthetics. Zimebaki sahani, filamu, na mamia ya kanda zenye kimya kile cha sekunde chache, kila mara kikijazwa na watu wengine. Atakayezisikiliza leo peke yake, chumbani, mlango umefungwa, atasikia pale kati pengo lililoachwa wazi makusudi, na ataelewa kwamba halikuwa pengo la bendi kujaza.