Nipe Mji: Safari Iliyoachwa Nje ya Vitabu vya Vitendawili

Katika vitabu vingi vya shule zetu vitendawili hupangwa katika safu mbili, swali kushoto na jibu kulia. Huandikwa "Nyumba yangu haina mlango", na mbele yake "yai". "Kuku wangu katagia miibani", na mbele yake "nanasi". Mwanafunzi hukariri safu zote mbili, huulizwa katika mtihani, hupata alama zake akaenda zake. Hatuna budi kukiri kwamba kwa njia hii yamehifadhiwa mengi ambayo pengine yangekwisha kupotea, na wakusanyaji kama S. S. Farsi, ambaye mkusanyo wake wa vitendawili kutoka Zanzibar ulichapishwa mwaka 1958, wanastahili shukrani zetu. Hata hivyo, mtu aliyelelewa ndani ya mchezo wenyewe, auonapo ukurasa wa namna hiyo, hujiona kama aliyealikwa karamuni akaonyeshwa ngozi ya mbuzi. Kuna kitu kilichoondolewa baina ya safu hizi mbili, nacho ni mji.

Yafaa tuukumbushe mchezo jinsi ulivyo, maana wanafunzi wengi wa leo wameusoma bila kuucheza. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Hutega, nao hujaribu kutegua, huyu hivi na yule vile. Wakishindwa wote, mtegaji halitoi jibu bure. Hudai: "Nipeni mji." Nao, kwa shingo upande, humpa: "Tunakupa Tanga." Akiukubali, huondoka. Huenda Tanga kwa maneno, akasimulia alivyosafiri, aliowakuta, alivyokirimiwa, alichokula na alikolala. Na safari inapokaribia kwisha ndipo hulitoa jibu lililowashinda. Waliotoa mji hukaa kimya wakimsikiliza mwenzao akitamba ndani ya mali iliyokuwa yao dakika moja tu kabla.

Katika mpango huu mna kazi mbili zisizofanana. Kutega na kutegua ni kazi juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Vitendawili vingi tumevirithi. Hatumjui aliyevitunga wala hatumuulizi. Lakini safari ya mjini hairithiwi. Mtegaji hajui atapewa mji gani, na akishapewa hana nafasi ya kwenda kujitayarisha. Mtoto wa miaka tisa, ambaye kitendawili chake amekiokota kwa bibi yake jana, anageuka papo hapo kuwa mtunzi, mbele ya hadhira isiyomhurumia. Nadhani hapa ndipo watu wetu walipowafundishia watoto utunzi pasipo kuuita utunzi. Walioukata mji ili kitabu kiwe chepesi walikata sehemu hiyo hiyo.

Mimi nilikulia katika kambi ya mkonge karibu na Korogwe, baba yangu akiwa karani. Wazee wa kambi ile wengi walikuwa wamekuja zamani kama manamba: Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde kutoka kusini, na waliotuzunguka walikuwa Wazigua, Wasambaa na Wabondei, wenyeji wa nchi. Kwa sababu hiyo miji iliyotolewa jioni haikuwa Tanga na Pangani peke yake. Mtoto aliyeshindwa alitoa mji wa babu yake, mji ambao pengine hata yeye hakupata kuuona. Nakumbuka jioni moja mwenzetu alipewa Kasulu. Yeye hakuwa amevuka Mombo maishani mwake, lakini aliukubali bila wasiwasi, akapanda treni hapo Korogwe, akapita Mruazi na Ruvu kwa reli ile iliyounganisha njia ya Tanga na njia ya kati mwaka 1963, akala mayai ya kuchemsha Dodoma, akalala, akaamka, akateremka Kasulu. Mara akasimama mtoto mmoja wa Kiha. "Treni haifiki Kasulu. Inakomea Kigoma. Teremka, upande gari." Tulicheka sana, na msafiri ilimpasa arudi Kigoma, atafute gari, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kutueleza kwamba fedha zake zote zimeishia kwenye mayai, ilimpasa pia aeleze nauli aliipataje. Akajipa kazi ya kupakua mizigo stesheni. Safari iliyokuwa majigambo matupu ikawa hadithi, kwa sababu mtu mmoja aliijua njia.

Pingamizi kama lile ndilo kanuni kuu ya fani hii, ingawa sijaliona likitajwa. Uongo wa msafiri unaruhusiwa, tena unatarajiwa. Lakini sharti upite katika barabara ya kweli. Mtu anaweza kukutana na simba anayesalimu, hakuna atakayepinga. Akisema amevuka mto mahali pasipo na mto, atarudishwa.

Miaka mingi baadaye kazi ya serikali ilinipeleka Handeni, wakati ambapo Kilindi ilikuwa bado haijatengwa kuwa wilaya yake, jambo lililofanyika mwaka 2002. Huko nikaisikia fani ile ile ikiwa na sura nyingine. Msafiri wa Korogwe aghalabu huanza na chakula. Hataji maji, kwa kuwa mto Pangani unapita hapo na maji hayamshughulishi. Msafiri wa vijiji vya Handeni, nchi yenye ukame, ambako madumu hufungwa kwenye baiskeli na kusukumwa mwendo mrefu, afikapo mjini kwanza hupewa maji. Tena hueleza yalikuwa baridi kiasi gani, na yalitoka wapi, na kama yalikuwa na chumvi. Wali na nyama hufuata baadaye, vikitajwa haraka haraka. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi maana ya mazingira katika fasihi-simulizi hahitaji mfano wa mbali kuliko huu.

Sitaki kudai kwamba kila safari ilikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa mbovu. Mtegaji mvivu alikuwa na safari moja aliyoipeleka kila mji: nilikwenda, nikapokelewa, nikapewa kiti, nikala wali kwa kuku, nikalala kitanda cha besera, jibu lake ni moto. Ukibadili Tanga kuwa Tabora hakuna kinachoharibika, na hicho ndicho kipimo cha ubovu wake. Tena kulikuwa na wale waliogeuza mji kuwa uwanja wa kuwatukana waliotoa mji. Watu wazima waliwaacha. Mimi sioni kama walifanya vema.

Lakini nilisikia safari moja katika kijiji kilicho upande wa Sindeni ambayo nimeifikiri kwa miaka. Msichana mmoja, darasa la tano au la sita, alitega: "Kila niendako anifuata." Kitendawili hiki hujulikana mno, ila jioni ile wenzake ama kwa usingizi ama kwa ubishi walikosa, wakataja mbwa, wakataja vumbi, wakataja deni. Wakampa Korogwe. Akaanza: alitoka alfajiri na ndoo, na jua lilipochomoza mbele yake akahisi yuko mtu nyuma. Akikimbia, naye anakimbia. Akisimama, naye anasimama. Saa sita mchana akageuka amkamate, hakumwona. Hapo kijana mmoja akapinga kwamba kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, na hakuna mtoto awezaye kuzitembea kwa siku moja na ndoo. Msichana hakubishana. Alisema kweli, ndiyo maana mchana ule alipanda lori, akalala Korogwe kwa shangazi yake, akachota maji mtoni, akaanza kurudi kesho yake alasiri. Jua sasa likawa upande wa nyumbani, mbele yake tena. "Nikageuka. Yuko nyuma. Nikajiuliza, huyu alinipita saa ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akatoa jibu: kivuli.

Tazama alivyofanya. Korogwe iko kaskazini-mashariki ya Handeni. Aendaye asubuhi hulielekea jua, na arudiye alasiri hulielekea jua. Kwa hiyo kivuli chake humfuata kwenda na kurudi, kama kitendawili kinavyosema. Angekaa Korogwe akapewa Handeni, kivuli kingemtangulia njia nzima na kitendawili kingevunjika. Je, alilipanga? Sidhani. Alikuwa akiijua barabara na jua lake, basi. Lakini safari ile ilikuwa tafsiri ya kitendawili, bora kuliko maelezo yoyote niliyoyaona chini ya neno "kivuli" vitabuni. Na lile pingamizi la kilomita ndilo lililompa usiku wa Korogwe na safari ya pili, ambayo bila hiyo hadithi isingekuwa na uti wa mgongo.

Wasomaji wa Shaaban Robert, mtoto wa mkoa wetu huu wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, watakumbuka kwamba katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali wakarudi na habari. Sisemi kwamba aliitoa fani hiyo katika vitendawili. Nasema tu kwamba hadhira iliyozoea kumhukumu mtu kwa safari yake haikuwa ngeni kwa baraza la namna ile.

Hebu sasa tutoke nje ya nchi kidogo. Katika miaka ya 1975 na 1976, huko Marekani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther, ambaye pia alikuwa mpenzi wa kuingia na kupima mapango, alitunga mchezo wa maneno matupu usio na picha. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, naye alitaka kitu cha kuwafurahisha binti zake. Pango la mchezo alilifuatisha pango la kweli alilolijua, sehemu ya mapango ya Mammoth katika jimbo la Kentucky. Kompyuta humwambia mchezaji mahali aliposimama na vilivyo mbele yake. Mchezaji huandika neno moja au mawili, kwamba aende kaskazini au achukue taa. Nayo humwambia yaliyotokea. Mchezo ule haukuuzwa. Ulipita kutoka kompyuta moja hadi nyingine mpaka ukamfikia Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford, naye akamwomba Crowther ruhusa na mwaka 1977 akauongezea mengi. Tangu hapo wametokea watunzi wa ridhaa wasiohesabika wa michezo ya safari na mafumbo, ambao hutunga kwa mapenzi, huwapa wenzao bure, nao wenzao hucheza na kuwarudishia makosa yao. Wengine wamewatengenezea wenzao vyombo vya kazi hiyo bila kudai malipo, kama Chris Jones aliyeanzisha Adventure Game Studio mwaka 1997 na Chris Klimas aliyetoa Twine mwaka 2009.

Sisi tunayo mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ambayo watu husimulia kwamba njia zake za chini hufika mbali mno. Simulizi hizo nimezisikia tangu utoto. Lakini sikupata kusikia mtu akipewa Amboni awe mji wake, na sasa naona ilikuwa hasara.

Tofauti za michezo hii miwili ni kubwa. Njia zote za pangoni zilikwisha kuchimbwa na mtunzi kabla mchezaji hajafika; hakuna mtoto wa Kiha awezaye kusimama akamrudisha Kigoma. Kwa upande mwingine, safari ya msichana wa Sindeni ilikwisha usiku ule ule, isipokuwa kwangu mimi na wachache waliokuwapo, ilhali pango la Crowther limeingiwa na watu ambao hakuwajua. Kila fani ina upungufu wake. Lakini zote mbili zimejengwa juu ya jambo moja, yaani mahali pa kweli panapojulikana na mtunzi, na wenzake wanaoingia humo bila kulipa.

Kompyuta zinaingia katika shule zetu, na vitendawili vinaingia pamoja nazo. Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa waliokaa kuipitia programu ya vitendawili kwa ajili ya wanafunzi. Swali linatokea, majibu manne yanatokea, mwanafunzi anabonyeza, nyota inawaka. Ni kitabu kile kile cha safu mbili, kilichotiwa taa. Mtoto akikosa huandikiwa kwamba amekosa, na jibu hutolewa papo hapo, bila kudaiwa mji. Nililiona kosa hilo. Sikusema neno, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda na wakubwa walikuwa wameridhika, nikatia sahihi. Makala haya yalipaswa kuwa maneno yangu ya siku ile.

Mwalimu atauliza afanye nini na darasa la wanafunzi themanini na pengine hana kompyuta hata moja. Naona haihitajiki. Awagawanye vikundi, kila kikundi kipewe mji na vikundi vingine, safari iandikwe katika karatasi zilizokatwa vipande, kila kipande mahali pamoja, na chini yake njia: ukitaka kuvuka daraja soma kipande cha 5, ukitaka kungoja lori soma cha 9. Kisha vikundi vibadilishane, na wanaosafiri waruhusiwe kupinga kwa maandishi. Kusahihisha ni kazi nzito, nakiri, maana safari haina jibu moja la kutiwa vema. Mwalimu aanze na mapingamizi. Hayo ni mafupi, na yataonyesha nani ameisoma safari ya mwenzake.

Nimejaribu mwenyewe. Safari yangu inaanzia Segera, hapo inapogawanyika barabara itokayo Chalinze, moja ikishika Tanga na nyingine Korogwe. Nilimsomea mjukuu wangu kipande cha kwanza, ambamo msafiri wa kwenda Korogwe anasimama kivulini, kisha anapitia Muheza kununua machungwa. Akanikatiza: "Babu, Muheza ni njia ya Tanga." Nimekichana kipande hicho, na msafiri wangu bado yuko Segera.