Ngeli Zilizosahauliwa
Programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari cha intaneti hupewa Kiswahili kwa faili moja ya maneno, ndani ya folda yenye alama «sw». Njia ni nyepesi, nasi twaisifu. Lakini lipo kosa tusiloweza kulifumbia macho. Mtungaji huandika «imefutwa» mara moja, kisha akalibandika neno hilo popote. Kiingereza huvumilia, kwetu picha imefutwa, ukurasa umefutwa, vichupo vimefutwa. Mwanafunzi wa Gitega au Muyinga, ambaye Kirundi chake husema igiti na ibiti, amezijua ngeli tangu utotoni. Leo mashine yamfundisha kuziacha! Twataka mtungaji ampe mfasiri sentensi nzima, kila jina na kitenzi chake.