Kabla au Baada? Tahakiki ya Wakati wa Kuamua Hiari ya Maelezo ya Onyo katika Mahakama za Tanzania

Katika shauri la Twaha Ali na Wenzake Watano dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 78 ya 2004), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilielekeza kwamba mshtakiwa akipinga kuwa alikiri kwa hiari, kila kitu kisimame, na suala hilo lichunguzwe kabla maelezo hayajapokelewa kuwa kielelezo. Penye wazee wa baraza huendeshwa kesi ndani ya kesi, nao wakiwa nje; mbele ya hakimu aketiye peke yake hufanyika uchunguzi mdogo. Msimamo huo ni sahihi. Zenye upungufu ni sababu ambazo kwa kawaida hutolewa kuutetea.

Hoja inayorudiwa ni ile ya kuwakinga waamuzi wasio wanasheria. Kwa Marekani ina uzito: katika Jackson dhidi ya Denno (1964), Mahakama ya Juu ilikataa utaratibu wa New York uliowaachia wajumbe wa juri waamue hiari na hatia kwa pamoja. Lakini hakimu wa wilaya hana juri. Anayesikia jinsi maelezo yalivyopatikana ni yeye, na atakayetia hatiani ni yeye. Hata akiyakataa, anajua kwamba mtu huyu inadaiwa alikiri.

Kinacholindwa hasa na wakati huo ni kinywa cha mshtakiwa. Katika uchunguzi mdogo anaweza kueleza kipigo na vitisho bila kuhojiwa juu ya kosa lenyewe; ndiyo maana rufaa ya Wong Kam-ming, iliyotoka Hong Kong na kuamuliwa London, ilizuia asiulizwe iwapo aliyoyakiri ni kweli. Tena, uamuzi ukitolewa mapema, anajua ushahidi anaopaswa kuujibu kabla ya kuchagua kujitetea au kunyamaza. Ukisubiri hukumu, anajitetea gizani.

Hapo ndipo Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6 (Toleo la 2019), inapojichanganya. Kifungu cha 27 kinautwika upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha hiari. Kifungu cha 29 kinazuia maelezo yasikataliwe kwa sababu ya ahadi au vitisho, isipokuwa mahakama ione kwamba mazingira na aina ya ushawishi huo vilielekea kuzaa ukiri wa uongo. Hivyo suala la ukweli, ambalo Tuwamoi dhidi ya Uganda (1967) ililiweka mwishoni, ushahidi wote unapopimwa, linaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni ya mwandishi, kifungu hicho kisomwe kwa ufinyu: kipimwe kitisho, yasipimwe maneno yaliyotamkwa baada yake. Hakimu anayejiuliza kama mshtakiwa alisema kweli amekwisha kuanza kuandika hukumu.

Linabaki tatizo la mshtakiwa asiye na wakili. Twaha Ali ilihesabu kutomfahamisha haki yake ya kusema lolote kuhusu maelezo hayo kuwa kasoro ya msingi isiyotibika. Lakini swali kavu la "Una pingamizi?" halimfahamishi kitu mtu asiyejua pingamizi ni nini. Hujibu hana, akija kusema wakati wa utetezi kwamba alipigwa, huambiwa ni mawazo ya baadaye. Inafaa hakimu aulize waziwazi: Je, ulipigwa? Ulitishwa? Uliahidiwa jambo? Kisha kila jibu liandikwe katika mwenendo wa kesi kabla karatasi ile haijapewa alama ya kielelezo.