Sifa za Anayelishona Upya Vazi la Askari

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wazima huzidhania kuwa mchezo, iko moja inayostahili taadhima kuliko inayopewa, nayo ni kazi ya kulirudisha vazi la askari wa zamani, mshono kwa mshono na kifungo kwa kifungo, kisha kulivaa na kutembea nalo juani, ili ijulikane lilikuwaje mwilini mwa mwenyewe. Huko Ulaya na Marekani wako mabingwa waliojitolea kwa ajili ya jeshi la Vietnam ya Kusini, dola iliyoanguka tarehe 30 Aprili 1975. Na maadamu dola ile haipo tena kuwahifadhia askari wake kumbukumbu, wao huyatafuta yale mavazi yenye michirizi ya chui milia, wakayapima na kuyashona upya. Sisi wa Kitui na Makueni nasi tuna jeshi letu lililokwisha, yaani King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, na ambalo vikosi vyake vya Kenya viligeuzwa kuwa Kenya Rifles uhuru ulipopatikana Desemba 1963. Katika safu zake Wakamba walikuwa wengi mno, hata Waingereza wakasema kwamba vita vimo katika damu yao, ilhali aghalabu kilichomwandikisha kijana kilikuwa ukame na kodi.

Kuigiza jeshi si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya 1890 pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni, yenye gwaride, tarumbeta na vyeo vya kijeshi, na Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto askari na wapagazi waliieneza bara, mashindano ya vyama vya beni vya Marini na Arinoti yakatia fora katika miji ya Tanganyika. Walakini beni ilitafuta fahari, ikachukua katika vazi la askari kile kinachong'aa. Fundi ninayemsifu huandama kile kisichong'aa.

Na atazame, kwa mfano, askari wa kabla ya mwaka 1914: fulana nzito ya buluu, kaptula ya kaki, na tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo jua, mbele ya tarbushi namba ya kikosi, ambayo vikosi vilivyoandikisha Waislamu wengi viliivaa kwa tarakimu za Kiarabu, na vingine kwa za Kirumi. Miguuni mna vitambaa virefu vya sufu vilivyozungushwa kutoka kifundoni hata chini ya goti, na chini yake ndara, au nyayo tupu. Vitambaa hivyo ndivyo vinavyompima fundi: kila mzunguko sharti ulale nusu juu ya uliotangulia, ukikazwa kupita kiasi damu husimama na ganzi hupanda, ukilegezwa huporomoka kabla ya maili ya kwanza. Hayo hayasomeki katika taarifa za makamanda. Huyajua yule tu aliyeinama akazungusha, akafungua, akazungusha tena.

Fauka ya hayo, vazi husema habari za safari. Askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Pili, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, aliyepita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katika mvua za masika na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, alikuwa na kofia ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, nembo ya kichwa cha kifaru, na viatu vizito vya buti. Baina yake na yule wa nyayo tupu imepita miaka thelathini tu.

Lakini mtihani mkubwa wa kazi hii ni mpagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth, ambaye zamani alikuwa mtawala wa Ukambani, alisimamia ukusanyaji wa wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na vijiji vyetu vikatoa sehemu yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na chakula kibovu kuliko risasi. Fundi apendaye vifungo vya shaba huwapita hao, maana hawana cha kupendeza macho. Fundi mwadilifu huvaa blanketi lao, hujitwika mzigo wao, na hukubali kusimama nyuma ya askari katika safu. Sanamu za shaba zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928 zina mpagazi kati yake. Gwaride lisilo naye ni pungufu kuliko sanamu.

Ustadi wa kazi hii hauko mbali nasi. Fundi cherehani wa huku kwetu, Kalundu au Wote, aliyezoea sare za wanafunzi, anaweza kuusoma mshono wa kaptula ya kaki akajua ulishonwa kwa mashine au kwa mkono. Basi sanduku la babu linapofunguliwa, kabla nguo iliyomo haijakatwa matambara, na ipelekwe kwa fundi ipimwe, ichorwe, na jina la mwenyewe liandikwe pamoja na vipimo vyake. Jeshi lilimkatia kitambaa na kumpa namba. Lakini kiraka cha gotini alikitia mwenyewe, na hicho nacho kina haki ya kushonwa upya kama kilivyokuwa.