Mshipi Kidoleni: Tumeenda Kuvua Vitongoji, na Sasa Hatusikii la Mtu!

Nimerudi jana, kidole cha shahada bado kina mstari mwekundu wa uzi, na siwezi kungoja nipumzike ndipo niandike. Kama una watoto, una shangazi, una shemeji anayejifanya hapendi maji, wapeleke Vitongoji wakavue. Wapeleke!

Ukitaja uvuvi wa Pemba, watu hukimbilia kuwaza ule mkondo wa magharibi baina ya kisiwa na bara, wenye kina cha mamia ya mita, bahari ya jodari na boti za injini kubwa. Vitongoji iko upande wa pili, mashariki, mwendo mfupi wa gari kutoka Chake Chake. Tulivua karibu na mwamba, mahali ambapo ukichungulia ubavuni mwa mashua unaliona tumbawe chini. Kwa asiyejua kitu, hapa ndipo pa kuanzia.

Nahodha alinipendeza kabla hata hatujapanda. Sisi tulitaka siku ya bamvua kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, akakataa katakata. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya huku hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mkondo wake hauna huruma: bildi haitulii, uzi unakwenda mshazari, mgeni ananasa mwamba kutwa nzima. Tukangoja maji mafu. Uzi ulishuka wima kama kamba ya ndoo kisimani, na hata mdogo wetu wa miaka saba alijua bildi imegusa chini.

Halafu mshipi wenyewe, jamani! Hakuna fimbo wala mashine ya kuzungusha. Unapewa kipande cha ubao kilichozungushiwa uzi, bildi, ndoana na vipande vya ngisi. Unachoma ngisi mara mbili ili asichomoke, unaachia, unapitisha uzi juu ya kidole, unanyamaza. Ule mdonoo wa kwanza hupanda kutoka chini mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilivuta palepale kwa pupa, nikatoa ndoana tupu.

“Mwanangu, usimkimbilie,” akasema nahodha. “Mwache aonje.”

“Haya babu,” akajibu shangazi, ambaye hakuulizwa, na aliyekaa kimya nyuma na buibui lake limefungwa kiunoni. Akangoja. Akapinda mkono kidogo tu. Alipomtoa changu mnene anayemeta, mashua nzima ilipiga kelele hadi wavuvi wa ngalawa ya jirani wakageuka. Tangu hapo tukawa tunamwomba yeye atuwekee chambo.

Vikande ndio walioiba zaidi. Samaki huyu ana meno ya kutafuna kombe, anakula ngisi kwa pembeni bila kuigusa ndoana, na ukimpata, usimpe mtoto amshike mdomoni. Nahodha alikuwa akiwatoa ndoana mwenyewe, kwa upole, bila kumkaripia mtu. Ualimu wa namna hii haununuliki.

Kasoro zipo. Jaketi za kujiokolea zilikuwa za watu wazima. Ya mdogo wetu ilibidi tuikaze kwa kamba, na hilo mimi sikulipenda hata kidogo. Kivuli hakuna. Na mashua ikitia nanga huyumba, kwa hiyo kigegezi kitampata mtu. Shemeji kilimpata, akatafuna tangawizi, akakodolea macho minazi ya pwani mpaka akatulia, kisha akatuzidi wote kwa idadi ya samaki. Ndiye aliyekuwa hapendi maji!

Tulichopata tulikichoma ufukweni kwa ndimu, chumvi na pilipili, na muhogo pembeni. Mezani kuna changu bora kuliko yule uliyemvuta mwenyewe? Mimi sijamwona.

Ukitaka kwenda, chagua maleleji, kipindi cha katikati ya kusi na kaskazi, upepo unapopungua. Uliza kwanza jaketi za watoto. Zikikosekana, tafuta chombo kingine. Beba kofia, maji na tangawizi. Kisha mpigie ndugu yako wa Chake leo hii, umuulize maji mafu yanaangukia lini, na umwambie shangazi ajitayarishe.