KMail inavyoitambua barua ya orodha

Barua iliyopitia kwenye orodha ya barua pepe huingia kikashani kama barua ya mtu mmoja tu: jina la mtumaji, mada, maneno. Tofauti imo kwenye mistari ya kichwa ambayo kwa kawaida msomaji haoneshwi. Programu isipoisoma, jibu la kiotomatiki la "niko likizo" laweza kuwafikia wanachama wote.

KMail, programu ya barua ya mradi wa KDE, ina msimbo mfupi wa kazi hii unaostahili kusomwa. Umegawanywa katika vipimo vidogo, kila kimoja na mstari wake. Cha kwanza huangalia List-Id. Kisipopata kitu, kinachofuata hushika zamu, hadi jina lipatikane au vipimo viishe.

Kuanza na List-Id ni uamuzi sahihi. Waraka wa RFC 2919 wa Machi 2001 uliufanya mstari huo ubebe kitambulisho, si anwani, hivyo orodha inaweza kuhamia seva nyingine na kitambulisho kikabaki kilekile. KMail hutafuta alama ya <, kisha nukta ya kwanza inayofuata, na kuchukua kilicho katikati: <kde-devel.kde.org> hutoa kde-devel. Lakini jina hilo fupi ni la kumwonesha mtumiaji. Pamoja nalo msimbo hurudisha jina la mstari na thamani yake kuanzia alama hiyo ya <, na hiyo ndiyo inayofaa kuchujia. Uzuri wa kazi hii uko hapo, kwa sababu orodha mbili za mashirika tofauti zinaweza zote kuitwa users, na jina fupi pekee lingezichanganya kwenye folda moja.

Vipimo vingine vinabeba historia. Sender inayoanza na owner- ni desturi ya Majordomo, programu ya kuendesha orodha kama zilivyo Mailman na ezmlm. X-BeenThere huwekwa na Mailman ili itambue barua iliyokwisha kupita kwake, isije ikaizungusha tena. Mailing-List ni ya ezmlm. Kabla ya kanuni kuandikwa, kila programu ilijiwekea alama yake, na waandishi wa KMail wamezikusanya kwa subira kubwa.

Ili kuitambua barua ya orodha, wengi hukimbilia List-Unsubscribe, mstari uliowekwa na RFC 2369 mwaka 1998. Naona ni kosa. Tangu mwaka 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na njia hiyo hupita kwenye mstari huohuo. Kwa hiyo hata tangazo la duka la viatu linao. Unaonesha kwamba barua imetumwa kwa wengi. Hauoneshi kwamba kuna kundi linalozungumza. Precedence: bulk, alama ya barua za wingi, ina upungufu huohuo. Kwa kuzuia jibu la likizo, mstari wowote kati ya hii unatosha, maana kunyamaza bure hakumdhuru mtu. Kwa kupanga barua kwenye folda, au kuweka kitufe cha kujibu kundi zima, programu isubiri List-Id au List-Post, mstari unaotaja anwani ya kuandikia orodha.